Binti wa Mwisho wa Sarala

Shemeji yangu Burulcha hapendi kushukuriwa. Ukimwambia asante anakutazama kama umekuja kuomba chumvi, halafu anakupa kazi. Siku moja nilimshukuru kwa chai tu, nikajikuta naokota samadi kavu ya kuwashia moto mpaka jua likazama. Kwa hiyo nimeacha. Shukrani zake nawapelekea watu wengine, na leo zamu yenu.

Ni mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka yuko Urusi anawajengea watu maghorofa, anarudi mara moja kwa mwaka akiwa amekonda na zawadi ambazo hazimtoshi mtu. Kila mwezi wa tano Burulcha anapanda na farasi majike kumi na tisa hadi malisho ya juu, Suusamyr, anasimamisha hema la sufu, na hadi mwezi wa tisa anakamua. Maziwa yanaingia kwenye kiriba cha ngozi, yanapigwa na mchi, yanachacha, yanakuwa kimiz. Watu wanapanda kutoka mijini kuja kukinywa. Wengine wanakaa siku kumi, wanasema kinatibu kifua, tumbo, usingizi, na ndoa.

Kwa adabu ya kwetu, mke hataji majina ya ndugu wa mume wake. Anawabatiza upya. Mimi naitwa Joomart, lakini jina hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Nilipokuwa mdogo nilikuwa Kiroboto. Nilipokwenda chuo cha mifugo nikapandishwa cheo, nikawa Daktari. Halafu nikarudi mwaka wa tatu nikiwa na begi na bila cheti, kwa sababu ya fuvu la farasi lililotoka kwenye chumba cha mifupa likaenda kukaa kwenye kiti cha mtu mkubwa, likiwa limevaa kofia yake. Nyumbani walininunia. Mama alininunia mpaka mkate ukaungua. Burulcha alinitazama pale mlangoni, akasema, "Karibu, Nusu Daktari. Iliyosoma ni nusu ya juu au ya chini?" Akaniwekea supu. Hakuuliza kitu kingine, si siku ile wala baadaye.

Somo la mifupa lilikuwa la mwaka wa nne. Maana yake mimi nimesoma chakula cha farasi chote, nguvu anayohitaji akiwa tumboni, akinyonya, akikua, akizeeka, majedwali yote ninayo kwenye daftari. Ila nguvu hiyo ikifika kwenye mifupa inafanya nini, hapo nilikuwa nimeshafukuzwa.

Sasa Sarala. Sarala alikuwa farasi jike wa njano mwenye mabaka, na alikuja nyuma ya Burulcha siku ya harusi, zawadi ya baba yake. Miaka kumi na saba alizaa watoto tisa, wote madume. Madume kwetu yana safari zake. Mmoja alikwenda karamuni, ndani ya sufuria, mwingine sokoni, mwingine kaka wa Burulcha akaondoka naye asimrudishe. Burulcha alikuwa anataka jike mmoja tu, wa kubaki, wa kuzaa wengine. Sarala akafika miaka ishirini, meno yameisha, tukasema basi. Halafu tarehe kumi na moja mwezi wa sita, kwenye mvua ya baridi, wakati watoto wa wenzake wana miezi miwili na wanakimbizana, Sarala akazaa. Burulcha aliinua kamkia, akaangalia, akakaa chini kwenye matope na sketi yake.

"Jike," alisema.

"Mdogo," nikasema mimi.

"Nyamaza. Na wewe ulikuwa mdogo."

Alikuwa mdogo kweli. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu farasi wetu hawalishwi wakati wa baridi. Theluji ikishuka wanaichimba kwa kwato, wanakula kilicho chini yake mpaka mwezi wa tatu. Mtoto anayeingia kwenye baridi akiwa na mwili, anatoka. Anayeingia na mbavu, hatoki. Huyu alikuwa na siku mia moja za kupata mwili ambao wenzake walipewa siku mia moja na sitini.

Ukamuaji wetu uko hivi. Kamba ndefu inafungwa chini kati ya vigingi viwili, na watoto wa farasi wanafungwa hapo tangu jua linachomoza mpaka linazama. Mama zao wanazurura malishoni, lakini kila baada ya saa mbili wanarudi kuwaona watoto, na hapo ndipo tunawakamua. Mtoto ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, mimi namvuta shingo, Burulcha anapiga goti, ndoo juu ya paja. Usiku wanafunguliwa wote, mama na mtoto, wanyonye na kula watakavyo. Mchana maziwa ni ya watu, usiku ni ya watoto. Ndivyo ilivyo tangu babu.

Burulcha hakutaka kumfunga binti wa Sarala. "Mwaka huu hawa wawili niwaache," aliniambia mwishoni mwa mwezi wa saba, tunachuja maziwa. "Wazurure."

Tatizo ni kwamba Sarala ndiye aliyekuwa kiongozi. Akija kwenye kamba, majike kumi na nane yanamfuata. Asipokuja, nayo yanaona hakuna haraka. Nikaona nafasi yangu hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, ya kuwa mtu wa maana. Nikaenda kuchukua daftari.

"Shemeji, tazama. Mtoto wa umri huu anahitaji nguvu kiasi hiki kwa siku. Mama anatoa maziwa kiasi hiki. Sisi tukichukua haya ya mchana, linabaki pengo hili hapa, umeona? Pengo linazibwa na majani. Kitabu kinasema mtoto mwenye wiki saba ameshaanza kula majani vizuri. Mchana kutwa, usiku kucha. Pengo limekwisha."

Alitazama namba zangu muda mrefu. Burulcha aliishia darasa la tisa, na kusoma anajua, lakini zile namba hakuzisoma. Alinitazama mimi.

"Una uhakika?"

"Ni sayansi, shemeji."

"Haya," alisema. "Nakuamini."

Neno lile nilikuwa sijawahi kuambiwa na mtu mzima. Walimu hawakuniambia, mama yangu haniambii mpaka leo. Nilitoka nje ya hema nikatembea kama nimevaa suti.

Tukamfunga. Na ili mambo yawe ya kisomi, kila Ijumaa nilimpima kifua kwa uzi, napitisha nyuma ya miguu ya mbele, nafunga fundo pale unapokutana. Fundo la pili lilisogea upana wa kidole kutoka la kwanza. La tatu likasogea nusu ya kidole. La nne likaangukia palepale juu ya la tatu.

Nilipima tena. Nikamwambia avute pumzi, kana kwamba ananielewa. Palepale.

Ndipo nikamtazama vizuri, si uzi, yeye mwenyewe. Manyoya yalikuwa yamesimama na hayang'ai. Tumbo limeshuka, mbavu zinahesabika, mkia mwembamba kama kamba ya kiatu. Watoto wengine kwenye kamba walikuwa wanarushiana mateke kwa sababu ya kuchoshwa na kufungwa. Yeye alikuwa amelala.

Nifanyeje? Mtu wa maana angeenda kusema. Mimi nimefanyia watu mizaha maisha yangu yote, mkono ulikwenda wenyewe. Nikafungua lile fundo, nikalisogeza mbele kidole kizima, nikaenda nalo hemani nikitabasamu. "Anakua, shemeji."

Alikuwa anakanda unga. Akasema, "Vizuri," bila kugeuka.

Wakati ule alikuwepo mgonjwa wetu wa kila mwaka, mwalimu mstaafu Sadyrkul, anayekuja kutibu kifua. Mwalimu Sadyrkul alikuwa anakunywa kimiz cha Sarala peke yake. Alisema cha wengine kina ladha ya soksi. Kila siku Burulcha alimtengea maziwa ya Sarala kwenye kiriba kidogo cha pembeni, naye alikunywa mabakuli manane, anapapasa tumbo, anatoa mihadhara.

Jioni hiyo akaniita. "Joomart, mwanangu. Yule mtoto mdogo mwishoni mwa kamba, anaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Ni mpole tu."

"Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na nane. Mtoto mpole hivyo hajala."

Sikulala vizuri. Asubuhi, kabla hatujawafunga watoto, nilimfuata Burulcha alikokuwa anaosha ndoo kwenye kijito. Nilikuwa nimepanga maneno, na mzaha mmoja wa kufungulia. Mzaha haukutoka.

"Shemeji, lile fundo la jana nililisogeza."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Nina mikono." Akaendelea kusugua. "Kila siku nampapasa. Nilijua tangu wiki iliyopita. Nilikuwa nasubiri utakuja lini."

"Na kama nisingekuja?"

"Leo nilikuwa namfungua, uje usije." Akainuka, akajipangusa mikono. "Sasa niambie, umekosea wapi? Namba zako zilikuwa nyingi, siwezi kuzifikia. Wewe unaweza."

Nikakaa juu ya jiwe nikafungua daftari. Nilitafuta muda mrefu, kosa la kujumlisha, kosa la kuandika. Hakukuwa na kosa. Pale kwenye jedwali majani yalikuwa yameandikwa mchana kutwa na usiku kucha, saa kumi na saba za kula. Nikainua macho. Pale ng'ambo, kamba imetandazwa, vigingi viwili, ardhi chini yake imekanyagwa hadi haina hata unyasi mmoja.

"Ah," nikasema.

"Ah nini?"

"Majani. Niliyahesabu ya mchana. Mchana amefungwa."

Burulcha aliangalia kamba, akaniangalia mimi, akaangalia daftari. Midomo ilimcheza. "Kitabu chako, Nusu Daktari, hakijawahi kufungwa kamba."

Halafu akacheka, na mimi, namshukuru Mungu, nikacheka naye, ingawa macho yalikuwa yanawasha. Miaka ishirini na mitatu nimeishi nimezungukwa na zile kamba. Nimevuta shingo za watoto mia. Na nikaenda kuamini kitabu kilichoandikwa na mtu ambaye watoto wa farasi wake wanatembea na mama zao, wakati sisi ndio tunaowafunga. Hilo ni kosa la kwetu peke yetu, huwezi kulipata mahali pengine.

"Mnyamaze huko, watu wanalala," alipiga kelele mwalimu Sadyrkul kutoka hemani.

Burulcha alikuwa ameshapanga. Juu ya kambi, mwendo wa saa moja na nusu, kuna korongo linalotazama kaskazini, theluji ya mwaka jana inakaa mle mpaka mwezi wa tisa. "Inayeyuka kidogo kidogo," alisema, "na kila inapoondoka, majani yanaota hapo hapo. Huku chini yameshazeeka, yamekuwa kuni. Kule bado ni mwezi wa tano."

Hilo kitabu kilikuwa kinalijua pia. Nyasi changa zina nguvu, nyasi kongwe zina ukuni, mtoto anajaza tumbo hashibi. Nilimwambia, akafurahi kwamba wanakubaliana, yeye na kitabu.

"Utakaa nao kule mpaka tuteremke. Wiki nne. Anyonye saa yoyote, ale saa yoyote. Kazi yako ni kuwasogeza kufuata theluji, na kufukuza mbwa mwitu."

"Na wewe? Nani atavuta watoto? Na Sarala asipokuwepo yale majike hayaji."

"Yasipokuja nitayafuata."

Majike kumi na nane, mara sita kwa siku, kwa farasi, peke yake, kisha apige goti akamue. Alisema hivyo kama anavyosema nitachota maji.

"Nichukue shayiri," nikasema. "Gunia moja. Tumjaze haraka."

"Konzi moja asubuhi, konzi moja jioni. Konzi yangu, si yako."

"Lakini nguvu anayohitaji, kwa jedwali..."

"Baba yangu alimjaza mmoja shayiri ili amuwahishe mbio. Alinona, aling'aa, watu wakasifia. Vifundo vya miguu vikavimba kama vitunguu. Hakukimbia hata siku moja." Akanitazama. "Hawakukufundisha hilo?"

"Ilikuwa mwaka wa nne."

"Basi huu ndio mwaka wa nne. Panda."

Zile wiki nne sitazisahau. Nilikuwa na kihema kidogo, mkate, jibini kavu, na mvua. Kila siku theluji ilirudi nyuma hatua tatu, nne, na chini yake ardhi nyeusi, na siku chache baadaye vinyasi laini kama nywele za mtoto mchanga. Sarala alijua. Alitembea nyuma ya theluji pole pole na meno yake mabovu, akichagua, na binti yake nyuma yake, anakula anachoacha mama, ananyonya, analala, anaamka, anakula. Maziwa ya yule mama mzee sijui yalitoka wapi. Nilikuwa namtazama naona aibu kwamba niliwahi kuyakata kwa penseli.

Siku ya kumi mtoto alikimbia. Bila sababu, akazunguka korongo lote, akarudi akamgonga mama yake tumboni. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu mlimani.

Mara mbili kwa wiki mwalimu Sadyrkul alipanda na mkate wangu, juu ya farasi mpole, na konzi za shayiri zimefungwa kwenye vitambaa, kila konzi na kitambaa chake, ili nisijifanye nina mikono mikubwa. Safari moja, wiki ya pili ikiisha, alifika ananuna.

"Unajua shemeji yako amenifanya nini? Mimi, mgonjwa? Navuta watoto wa farasi shingo. Kutoka asubuhi. Nimepigwa teke hapa, na hapa."

"Pole, mwalimu. Na kifua?"

Akafikiri. "Kifua hakijanisumbua tangu Jumanne."

"Na kimiz? Sarala si yuko huku."

"Ah, shemeji yako mjanja, alikuwa na akiba ya Sarala kwenye kile kiriba kidogo. Ile ile ladha. Sijapungukiwa kitu."

Nilimtazama Sarala, nikautazama mlima. Wiki mbili nzima hakukamuliwa hata tone, na kwa mabakuli manane kwa siku kile kiriba kidogo kingekauka siku ya pili. Nilijua pale pale kwamba kwenye ukoo wetu mtu wa mizaha si mimi peke yangu, na kwamba aliyenizidi ananizidi kwa mbali.

"Ladha ya Sarala haifichiki," nikasema.

"Kabisa," alisema mwalimu. "Mtu akizoea, anaijua."

Tulipoteremka mwezi wa tisa, Burulcha alitoka hemani kutupokea. Alikuwa amekonda, viganja vimechanika kwa hatamu. Hakunisalimu mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akampapasa mbavu, mgongo, mzizi wa mkia, akabonyeza vifundo vya miguu kimoja kimoja. Alirudia miguu mara mbili. Wenzake bado walikuwa wamemzidi urefu. Lakini mbavu ulikuwa unazitafuta.

"Anaweza," alisema.

"Shemeji, as..."

"Kuna kuni za kupasua," alisema, na nikaenda kupasua.

Baridi ilikuja mapema na ilikuja vibaya. Mwezi wa kwanza theluji ilifika magotini mwa farasi wakubwa, na juu yake ikaganda. Tulikuwa tunapanda kuwaangalia kila siku ya tatu, mimi na Burulcha, hatuzungumzi sana kwa sababu ya upepo. Sarala alikuwa anachimba. Anapiga kwato, anavunja ganda, anakula mara mbili tatu, anasogea kando, na binti yake anaingiza pua kwenye shimo. Karibu na mwisho wa mwezi wa pili nikaona mtoto anapiga mwenyewe. Kwato ndogo, mapigo mengi, shimo dogo kama bakuli. Burulcha alikuwa ameona pia. Alishuka, akajifanya anakaza tandiko, akakaza muda mrefu sana.

Sarala hakuuona mwezi wa nne. Tulimkuta amelala upande wa jua, ametulia, theluji juu ya singa za shingo yake. Binti alikuwa hatua ishirini mbele, na wengine, anachimba. Burulcha alivua glavu, akaweka mkono kwenye lile paji la njano. "Umefanya kazi," alimwambia, kama unavyomwambia mtu aliyekuja kukusaidia kuvuna. "Umefanya kazi, mama." Kisha tukakaa naye kidogo.

Mwezi wa tano majani yakatoka, na ikafika siku ya kuwanyoa singa za kwanza wale waliotimiza mwaka. Kazi hiyo inataka mtu wa kushika na mtu mwenye mkasi. Nilimshika binti wa Sarala sikio na mkia kama inavyotakiwa, Burulcha akakaribia na mkasi, akakata fungu la kwanza, la pili. La tatu hakulikata. Nilichoona ni anga, kisha nilikuwa kwenye matope umbali wa hatua mbili kutoka nilipokuwa, na paja langu halikuwa langu.

Yule mdogo, aliyelala mwishoni mwa kamba mwaka jana wakati wenzake wanapigana mateke, alikuwa amesimama juu yangu, nusu ya singa zimekatwa, anapumua kwa nguvu, miguu minne imenyooka, anataka nirudi.

"Umeumia?" Burulcha aliuliza.

"Sana," nikasema. Nilikuwa nacheka hata siwezi kuinuka. "Sana, shemeji. Namshukuru Mungu."

Akanipa mkono. Aliponiinua hakuniachia mara moja, alinishika kiganja na ile mikono yake migumu, akitazama paja langu, na matope, na yule binti.

"Mshike vizuri sasa," alisema. "Bado nusu."